Someni kazi zetu kabla ya kugonga muhuri

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Baraza la Elimu ya Sheria, wakuu wa vitivo na shule za sheria za vyuo vikuu, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Chama cha Mawakili Tanganyika na Mahakama ya Tanzania.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YAPIMWE KWA KAZI ILIYOSAHIHISHWA, SI KWA SIKU ZILIZOHUDHURIWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya sheria. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu wachache ambao, tuliporudi chuoni kutoka fildi, yaani mafunzo yetu kwa vitendo, tulikaa kantini tukaweka mezani logibuku zetu, daftari za kuandikia kazi za kila siku, na kuanza kuzisoma kwa sauti. Tulikuwa tumepangiwa sehemu tofauti: mahakama ya wilaya, ofisi za mawakili wa kujitegemea, kitengo cha sheria cha halmashauri, shirika la msaada wa kisheria. Lakini ukifunika majina ya juu, logibuku zilikuwa moja. "Nilihudhuria mahakamani. Nilijifunza namna mashauri yanavyoendeshwa." Kesho yake: "Nilihudhuria mahakamani. Niliendelea kujifunza namna mashauri yanavyoendeshwa." Pembeni kuna saini ya msimamizi, kalamu ileile na haraka ileile, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa sababu saini zote zilitiwa siku moja, ile ya kuaga.

Taarifa za mwisho nazo ni hivyohivyo. Sura ya kwanza historia ya ofisi, ya pili muundo wa uongozi, ya tatu kazi zilizofanyika, ya nne changamoto na mapendekezo. Kwenye changamoto tunaandika uhaba wa vitendea kazi na nauli. Kwenye mapendekezo tunaiomba serikali iongeze bajeti. Ile sehemu inayomtaka mwanafunzi ajitafakari, aseme ni ujuzi gani ameupata na upi bado hana, hujazwa aya mbili tunazorithi kutoka kwa kaka na dada waliotutangulia. Sioni ajabu. Anayeandika anajua hakuna atakayemjibu, na mtu hawezi kujitafakari na fomu. Anaanza kutafakari pale anaporudishiwa kazi yake ikiwa na alama za kalamu ya mtu anayejua zaidi yake.

Tunachoomba ni kitu kimoja, na nakitaja mapema kwa sababu najua meza zenu zina barua nyingi. Mwanafunzi wa sheria asihesabiwe amemaliza mafunzo kwa vitendo kwa sababu tu ametimiza wiki zake. Ahesabiwe amemaliza atakapoleta kazi chache alizozifanya kwa mkono wake, zikiwa na masahihisho ya msimamizi, pamoja na toleo la pili alilolirudia baada ya masahihisho hayo. Kazi nne au tano zinatosha. Muhuri wa ofisi ugongwe juu ya hizo.

Mtakumbuka Oktoba 2022. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, yalipozagaa, nchi nzima iligeuka baraza la mitihani: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na 265 wakaondolewa. Waziri wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati ya watu saba chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia mwaka wa kwanza, na ndugu walinipigia simu kuuliza kama muda wa kubadilisha kozi ulikuwa haujapita. Katika kelele zile kila mtu alikuwa na wa kumnyooshea kidole. Wengine walilaumu vyuo vikuu, wengine Kiingereza chetu, wengine wasahihishaji, na wazee wa mitandaoni wakatulaumu sisi na simu zetu.

Sina nia ya kuufufua ugomvi ule. Nataka tu kusema kitu ambacho ukiwa ndani ya darasa la sheria unakiona kila siku. Taasisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza 2008, inampokea mtu ambaye tayari ana shahada na tayari amepita fildi angalau mara moja. Inatarajia kumnoa. Lakini kisu ambacho hakijafuliwa hakinoleki. Mhitimu anaweza kufika pale Barabara ya Sam Nujoma akiwa amesoma mamia ya maamuzi, na bado hajawahi kurudishiwa hata barua moja ya madai iliyosahihishwa na wakili. Wiki zake za fildi zimetimia na karatasi zake zina mihuri, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Nianze na ofisi ya wakili niliyopangiwa, kwa sababu huko nilibahatika. Wakili yule hakuwa na muda, kama walivyo mawakili wote: asubuhi yuko mahakamani, mchana ana wateja, jioni anaandika. Lakini siku moja alitutolea sisi wanafunzi watatu jalada la zamani, shauri lililokwisha kuamuliwa, majina yote yamefutwa kwa wino mweusi. Mteja alichelewa kukata rufaa. Kazi yetu ilikuwa kuandaa hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni kweli, ya kuunga mkono maombi ya kuongezewa muda. Tuliingia kazini tukijiamini, maana kesi ya Matovu ya 1966 kutoka Uganda hakuna mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki asiyeijua: hati ya kiapo ibebe mambo ya ukweli, isibebe hoja za kisheria, wala maombi, wala hitimisho. Tulishaijibia mtihani na tukapata alama nzuri.

Viapo vitatu vilirudi vyekundu. Aya iliyosema kwamba rufaa ina nafasi kubwa ya kushinda na ni kwa masilahi ya haki maombi yakubaliwe ilikatwa yote, na pembeni ameandika: "Hii ni hoja. Utaisema ukisimama." Aya iliyosema mleta maombi aliugua kwa muda mrefu iliwekewa maswali. Lini? Hospitali gani? Cheti kiko wapi? Alitoka lini, na tangu atoke hadi leo alikuwa anafanya nini? Kisha akatufungulia uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya, maombi ya madai namba 2 ya 2010, ambao darasani tunaunukuu kama shairi. Anayeomba kuongezewa muda atoe maelezo ya kipindi chote alichochelewa. Akashusha kalenda ukutani, akatuambia tuhesabu siku za mteja, moja moja. Kulikuwa na pengo kati ya siku mteja alipopewa nakala ya hukumu na siku alipofika kwa wakili. Wote watatu tulikuwa tumeinukuu Lyamuya, na hakuna aliyekuwa amegusa kalenda.

Mwisho akashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, pale kamishna wa viapo anapotia saini. "Ameapia wapi huyu? Tarehe ngapi?" Sheria inayowahusu makamishna wa viapo inataka mahali na tarehe ya kuapa viandikwe, na kuna maombi yaliyokwisha kuondolewa mahakamani kwa kukosa mstari huo. Hapo mteja hulipa ada upya, na siku za kutolewa maelezo zinazidi kuongezeka. Najua Katiba yetu, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Wakili alicheka nilipolisema hilo. Akasema ibara ile si mahali pa kulaza uvivu wa wakili.

Kikao kile hakikufika saa moja. Kwenye logibuku nilikiandika hivi: "Nilijifunza kuandaa hati ya kiapo." Ni mstari uleule ambao ningeuandika kama siku nzima ningeshinda natoa fotokopi za viapo vya watu wengine. Hapo ndipo fomu zenu zinapotuangusha. Hazina mahali pa kutofautisha vitu hivyo viwili.

Mwenzetu aliyekuwa kwenye shirika la msaada wa kisheria alipewa kitu ambacho wengi wetu hatukukipata: mteja. Mama wa makamo aliingia na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa, akakaa, akasema shamba lao limeuzwa na shemeji yake. Msimamizi alimwachia mwanafunzi aanze, yeye akakaa pembeni. Mwanafunzi akauliza swali la kwanza linalomjia mtu aliyetoka kwenye mtihani wa sheria ya ardhi: "Mama, una hati?" Mama akasema hana. Akaanza kuirudisha bahasha kwenye pochi.

Msimamizi akaingilia kwa upole. Akamwamkia upya, akampa pole ya safari, akamwuliza nyumbani ni wapi na shamba liko upande gani wa kijiji. Nani alilifyeka mara ya kwanza? Ile minazi alipanda nani? Majirani wa mpakani ni akina nani, na nani kati yao yu hai? Shemeji alianza lini kulima upande ule? Mama hakukumbuka mwaka, na msimamizi hakumbana. Alimwuliza kama ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño. Baada. Kabla au baada ya msiba wa Mwalimu? Baada, mtoto wa mwisho alikuwa amekwisha kuanza shule. Hivyo hivyo, msiba kwa mvua, mpaka wakafika kwenye mwaka. Mwaka ule ulikuwa na uzito, kwa sababu madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mama alikuwa amebakiza muda mfupi kuliko alivyodhani.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ya kaunta buku yenye mgawanyo wa familia, saini za wazee na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Lile swali la hati lilikuwa limemwambia mama kwamba hana haki, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila na kuipa hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali. Likabaki suala la njia. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei mgogoro ambao haujapitia usuluhishi huo. Mama alikuwa hajaenda kata. Angefungua shauri siku ile, angerudishwa mlangoni.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu makusudi. Mwenzetu alilisimulia pale kantini kwa dakika nyingi, akiigiza sauti ya mama na ya msimamizi, na sote tukanyamaza tukimsikiliza. Kisha akatusomea alivyoliandika kwenye logibuku: "Nilishiriki mahojiano na mteja." Basi. Tukamwuliza kwa nini hakuandika yote yale. Akajibu kuwa safu ya "kazi zilizofanyika" ina upana wa vidole vitatu.

Waliopangiwa mahakamani wana hadithi nyingine. Siku zao nyingi zilikuwa za masjala: kupanga majalada, kushona yaliyochanika, kutafuta lile ambalo mtu ameapa aliliona jana, na kuskani, maana mashauri sasa yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki na vijana tunahesabiwa kuwa mafundi wa skana wa kuzaliwa. Sidharau kazi hiyo. Karani mmoja wa siku nyingi, mama anayeitwa "mama" na mahakimu wenyewe, alimfundisha mwenzetu kusoma jalada kuanzia nyuma. Anza na amri ya mwisho uone shauri limesimamia wapi, tazama kama wito una saini ya aliyeupokea, tazama risiti ya ada, ndipo urudi mwanzo. Hilo ni somo ambalo hakuna profesa aliyetupa. Lakini mama yule hayumo kwenye fomu yoyote kama msimamizi, na aliyemo kwenye fomu hakujua kama somo hilo lilifanyika.

Upande wa ukumbi wa mahakama mambo ni magumu zaidi. Vyuo vyote hutuachia karibu wakati mmoja, likizo ndefu, kwa hiyo mahakama moja ya wilaya inaweza kupokea kundi zima la suti nyeusi kwa mpigo. Tunajaza benchi la nyuma. Shauri linaitwa, shahidi wa tatu anapanda kizimbani, na sisi hatujui wa kwanza na wa pili walisema nini. Wakili anauliza maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, watu wanaguna, hakimu anaandika, na kwetu ni kama kuingia msibani usiomjua marehemu. Mara upande mmoja hauna shahidi, shauri linaahirishwa, tunainama, tunatoka.

Kuna dawa rahisi na haina gharama. Mahakama zina majalada ya mashauri yaliyokwisha. Mwanafunzi apewe mwenendo wa shauri moja fupi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, bila hukumu. Ausome, aandike hukumu yake: mambo yanayobishaniwa ni yapi, nani ana jukumu la kuthibitisha, shahidi gani anaaminika na kwa nini, amri gani itolewe. Akimaliza ndipo afunguliwe hukumu halisi, alinganishe. Hakimu akipata nusu saa Ijumaa mchana, amwambie wapi ameteleza na wapi amemzidi yeye hakimu, maana hilo nalo hutokea. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara mbili atajua kuandaa mashahidi wake vizuri kuliko aliyekaa benchi la nyuma miezi miwili, kwa sababu ameshakaa upande wa anayesoma.

Kuhusu lugha nitasema kwa kifupi, kwani limesemwa mno. Tangu 2021 sheria inataja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, na Kiingereza kitumike pale masilahi ya haki yanapohitaji. Sisi tunasoma sheria kwa Kiingereza kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Siombi mbadilishe vyuo kesho asubuhi. Naomba tu angalau kazi mbili kati ya hizo zilizosahihishwa ziandikwe kwa Kiswahili, moja ikiwa barua ya kumweleza mteja, kwa lugha atakayoielewa bila kuitiwa mtoto wake wa sekondari, shauri lake limefikia wapi na afanye nini. Mtu akishindwa kuiandika barua hiyo, hajalielewa shauri.

Najua mtakachojibu. Kwanza, siri za wateja. Ni hoja ya kweli, na ndiyo maana inafaa iwe kazi ya kwanza kusahihishwa. Kinga ya mawasiliano kati ya wakili na mteja inawagusa pia makarani na wasaidizi wa wakili, lakini wangapi wetu tulielezwa hivyo siku ya kwanza? Tumesikia wanafunzi wakisimuliana mashauri ya watu kwenye daladala, na majina wanataja. Kazi zinazoambatishwa kwenye taarifa zifutwe majina, namba za viwanja na kila kinachomtambulisha mtu, kama alivyofanya wakili wangu na jalada lake la zamani. Na anayefuta awe mwanafunzi mwenyewe, msimamizi akikagua, kwa sababu kujua nini cha kufuta ni ujuzi wa wakili.

Pili, muda. Wakili halipwi kwa kutufundisha, na hakimu ana mlundikano wake. Hapa Chama cha Mawakili Tanganyika kinaweza kusaidia. Wakili anayesimamia wanafunzi na kusahihisha kazi zao apewe alama za mafunzo endelezi ya mawakili kwa saa hizo. Kusahihisha kiapo cha mwanafunzi kunamlazimisha mtu kukumbuka sheria ya viapo kuliko semina ya hotelini yenye chai saa nne. Kwa upande wa mahakimu na mawakili wa serikali, jukumu hili liingizwe kwenye malengo ya kazi wanayopimwa nayo kila mwaka, lihesabike kama kazi. Leo ni fadhila, na fadhila inategemea mtu kaamkaje.

Tatu mtasema, na mtakuwa na haki, kwamba wapo kati yetu wanaokuja kutafuta muhuri tu. Wapo. Wanafika saa tatu, saa sita wameshaaga, siku ya mwisho wanaleta logibuku na soda. Lakini utaratibu wa sasa unawapa wao na mwenye bidii karatasi ileile. Mkidai kazi zilizosahihishwa, wa aina hiyo watajulikana wiki ya pili.

Jirani zetu wa Kenya, ambao nao wana vilio vyao kuhusu shule yao ya sheria, humweka anayetaka uwakili miezi 6 chini ya wakili aliyefikisha angalau miaka 5 ya uwakili, na alama zake huchanganya mtihani wa kuandika, wa mdomo na kazi ya mradi. Hatuhitaji kuiga kila kitu. Lakini wazo la kwamba mtu mmoja, kwa jina, anawajibika na wewe, linafaa kuvuka Namanga. Kwetu msimamizi wa chuo hutembelea mara moja, akiwa na wanafunzi wengi wa kuwapitia siku hiyohiyo. Anatusalimia, anamsalimia mkuu wa ofisi, anasaini, anaondoka kuwahi kituo kingine. Simlaumu mhadhiri, kwani akifika hakuna anachoweza kukikagua. Angekuta mezani viapo viwili, cha kwanza chekundu na cha pili safi, angekuwa na la kuuliza.

Na hapa nchini si kwamba tunaanza kutoka sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960, ambako wanafunzi wamekaa na wateja chini ya walimu wao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria ambao hawana shahada yetu lakini wanahoji wateja kila wiki. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imekuwa ikipita mikoani tangu 2023, wananchi wakipanga foleni na bahasha zao. Pale kwenye mahema kuna wanasheria wazoefu na wateja wengi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akikaa kando ya mwanasheria mmoja kwa wiki, akaandika kumbukumbu za mahojiano na kusahihishiwa jioni, ataondoka na kitu. Wizara inaweza kulipanga hili ikitaka, na wananchi wangehudumiwa haraka zaidi.

Kwa hiyo, tukiweka majina kwenye majukumu: Baraza la Elimu ya Sheria litoe fomu moja ya kitaifa ya mafunzo kwa vitendo, inayotaja kazi za lazima, ili chuo cha Mwanza na cha Dar es Salaam vipime kitu kimoja. Napendekeza mahojiano ya mteja, hati ya kiapo, barua ya madai, muhtasari wa jalada na hukumu ya mazoezi, lakini mnaojua zaidi mtapanga. Vyuo vitoe alama kwa toleo la pili, na kurasa za historia ya ofisi zifutwe kabisa. Historia hiyo ipo kwenye tovuti zao na sote tunainakili huko. Taasisi impokee mwanafunzi pamoja na jalada lake la kazi, ili mwalimu wa uandishi wa hati ajue siku ya kwanza nani hajawahi kugusa kiapo. Na vyuo vikae pamoja viachanishe tarehe, hata kwa wiki chache, ili mahakama moja isibebe mzigo wote kwa mkupuo.

Fedha sizungumzii sana. Posho ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo inawafikia wenye mikopo, wengine wanategemea wazazi, na nauli ya kila siku ndani ya suti ya mtumba ni gharama ya kweli. Lakini hili la kusahihishwa halingoji bajeti. Linahitaji kalamu nyekundu na uamuzi wenu.

Barua za kuomba nafasi huanza kusambazwa miezi kadhaa kabla ya likizo ndefu. Tunaomba fomu mpya iwe tayari kabla ya hapo, hata kwa majaribio katika chuo kimoja na mkoa mmoja. Iwapo mtahitaji wanafunzi wa kuijaribu, au wa kuwaonyesha jinsi ya sasa inavyojazwa, tupo, na tutakuja na makaratasi yetu yote.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa mwisho
Dar es Salaam